Gololi za kioo za zamani: uanze na za kiwanda gani, na utamtambuaje aliyezitengeneza

Gololi ya kioo haina chapa. Haina jina la kiwanda wala namba, na boksi lake, kama lilikuwepo, lilitupwa zamani na mtoto aliyenunuliwa gololi hizo. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuandikia “Akro Agate, miaka ya 1930”, jina la kiwanda cha kale cha Marekani, juu ya kitu kilichotoka Mexico juzijuzi, nawe ukalipa. Kinachobaki ni kioo chenyewe, na kwenye kioo alama ngumu kughushi ni pale kilipokatwa kingali moto. Rangi viwanda viliigana. Mkato ulitegemea mashine, na mashine ya kila kiwanda ilikuwa na tabia yake.

Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa bei wala kwa uzuri. Nimetanguliza kiwanda ambacho mnunuzi mgeni anaweza kukitambua mwenyewe, bila kumtegemea muuzaji.

Kabla ya gololi nunua vitu vitatu: lenzi ya kukuza mara kumi, tochi ya UV na kipimo cha milimita. Gololi ya kawaida ya kuchezea ina kipenyo cha karibu milimita 16, na ukubwa huo ndio utakaouona mara nyingi. Kisha kila gololi unayoshika iulize swali moja kwanza: ni ya mkono au ya mashine? Ya mkono ilikatwa kutoka kwenye fimbo ya kioo, kwa hiyo ina makovu mawili, moja kila ncha. Pitisha kucha na utayahisi, wakati mwingine yana makali, wakati mwingine yamesagwa bapa. Ya mashine ilizungushwa kwenye rola ikiwa laini, na kilichobaki kwake ni mshono au mkunjo mdogo wa rangi, bila kovu.

Ya kwanza: Akro Agate, za mstari wa skurubu

Kampuni hii ilianzia Akron, Ohio, ikahamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914, ikafungwa 1951. Ilitoa gololi nyingi mno, kwa hiyo hadi leo zinapatikana kwa dola chache kwenye minada ya nyumba na masoko ya vitu vikuukuu Marekani.

Nimeiweka juu kwa sababu ya gololi ambazo wauzaji huziita Corkscrew. Akro walikuwa na kifaa kilichozungusha mkondo wa kioo kabla haujaingia kwenye rola, na rangi zikajipinda. Chukua gololi, weka kucha kwenye mstari mmoja wa rangi, uufuate. Ukizunguka kama nyuzi za skurubu kutoka ncha moja hadi nyingine bila kujikata popote, karibu hakika umeshika Akro. Viwanda vingine vilitoa mpindo wa namna hiyo kwa bahati tu.

Anza na zile za rangi mbili zisizopitisha mwanga, ndizo za bei ya chini. Ukishazoea jicho, panda kwa Popeye. Hapo kioo ni angavu, ndani yake zinaelea nyuzi nyeupe, na juu yake zinapita rangi mbili. Jina lilitokana na maboksi yenye picha ya Popeye, yule baharia wa katuni. Nyekundu na njano zimejaa sokoni. Zambarau hugombaniwa.

Kuna rangi moja ya Akro inayostahili muda wako: nyekundu nzito inayoitwa Oxblood, ambayo sisi tungesema damu ya mzee. Wauzaji hulibandika jina hilo kwenye kila wekundu uliokolea. Iweke chini ya lenzi. Ile ya kweli haipitishi mwanga kabisa, na ndani ya wekundu wake utaona vinyuzi vyeusi vyembamba. Ukiona wekundu mtupu, au mwanga wa tochi ukipenya, lipia bei ya gololi ya kawaida. Nyingine huambatana na njano hafifu inayong'aa kijani chini ya UV, na hizo wakusanyaji huziita Lemonade.

Ya pili: Peltier

Peltier Glass ilikuwa Ottawa, Illinois, si Ottawa ya Kanada. Wageni wengi hupotea hapo. Gololi zake zinazotafutwa ni za mkondo wa National Line Rainbo, neno hilo likiandikwa bila w. Zitambue kwa mishono miwili inayotazamana, na tepe za rangi zinazotoka kwenye mshono mmoja kwenda mwingine, kwa kawaida nne hadi sita. Tepe haizunguki gololi nzima kama ya Akro. Inafika kwenye mshono na kukoma.

Majina ni ya wakusanyaji, nayo ndiyo utakayoyatafuta mtandaoni. Nyeupe yenye nyekundu na kijani ni Christmas Tree, nyeupe yenye nyekundu na bluu ni Liberty, bluu yenye nyekundu na njano ni Superman. Superman ni ghali, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Penye tepe nyeusi, igeuze taratibu chini ya taa. Baadhi ya tepe hizo zina chembe zinazometa, na chembe hizo hupandisha thamani sana bila muuzaji wa kawaida kuziona.

Peltier pia walitoa gololi zenye picha nyeusi za wahusika wa katuni za magazetini, jumla kumi na mbili, miongoni mwao Betty Boop, Annie na Moon Mullins. Hapa uwe macho. Picha ya asili ilichomwa kwenye kioo. Za kughushi hubandikwa juu ya gololi ya kale ya kweli, kwa hiyo gololi itapita mtihani wako na picha itafeli. Ukihisi ukingo wa picha kwa kucha, iache.

Ya tatu: Marble King

Ndiyo inayofaa kwa mwenye bajeti ndogo. Ilianza 1949 huko St. Marys, West Virginia, na mwaka 1958 ikahamia Paden City. Zitafute zile za Rainbow zenye mikanda mipana ya rangi mbili. Nyeusi na njano ni Bumblebee, nyeusi na nyekundu ni Wasp, nyekundu na bluu ni Spiderman, na hii ya mwisho ndiyo yenye bei.

Rangi yake ni ngozi nyembamba tu iliyofunika kioo cha ndani, kwa hiyo gololi iliyobanduka kidogo ni ya kujifunzia nzuri: pale palipovunjika utaiona rangi ikikoma. Tatizo ni kwamba Peltier nao wana Bumblebee yao, tena ya bei kubwa zaidi, na wauzaji huchanganya. Angalia kama rangi zimekaa kwa mikanda mipana iliyozunguka gololi au kwa tepe nyembamba zinazoishia kwenye mishono.

Ya nne: za mkono kutoka Ujerumani

Huko Lauscha, Thuringia, katika miaka ya 1840 ulibuniwa mkasi wenye kikombe mwishoni, wa kukata na kuviringisha gololi kutoka kwenye fimbo ya kioo. Gololi hizo zilitawala soko la Marekani mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipokata meli. Zina wavu wa nyuzi nyeupe katikati, au tepe zilizojipinda, au vumbi la shaba linalometa kama kwenye aina iitwayo Lutz, au sanamu ndogo nyeupe ya mnyama iliyozamishwa ndani ya kioo.

Sizipandishi juu zaidi kwa sababu moja: kovu linakuambia ni ya mkono, halikuambii ni ya lini. Mafundi wa leo nao hukata kwa mkono. Tafuta mikwaruzo midogo iliyotapakaa pande zote, ya kitu kilichogongana na wenzake miaka mingi. Na usimlipe zaidi anayekutajia jina la karakana, maana karakana zilikuwa nyingi na hazikuacha sahihi.

Ya tano: M. F. Christensen & Son

Martin Christensen wa Akron alipata hataza ya mashine yake mwaka 1905, na hapo ndipo gololi za mashine zilipoanzia. Lakini kioo bado kilichotwa na mtu kwa fimbo na kukatwa kwa mkono kabla ya kudondokea kwenye rola. Mchotaji akizungusha fimbo, kioo kilijikunja, na kwenye gololi bora utaisoma tarakimu ya 9 imechorwa nyeupe upande wa juu, na mkia wa mkato upande wa pili. Kiwanda kilifungwa 1917. Kasoro ya ununuzi huu ni kwamba Akro walianza kwa kutoa gololi zinazofanana nazo mno, kwa hiyo bila 9 iliyo wazi usilipe bei ya Christensen.

Ya sita: Christensen Agate

Hawa hawakuwa na undugu na yule Martin. Walianza 1925 Payne, Ohio, wakahamia Cambridge, na baada ya miaka michache wakatoweka. Rangi zao ni kali kupita za viwanda vyote. Guinea yao, kioo cha rangi kilichonyunyiziwa madoadoa ya rangi nyingi na kuitwa kwa jina la ndege kanga, huuzwa mamia ya dola. Ndizo nzuri kuliko zote humu, na kwa mgeni ndizo za mwisho, kwa sababu mafundi wa sasa wanaziiga vizuri sana. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa mzigo, kwa maandishi.

Gololi za viwanda vya Vitro Agate wa Parkersburg na Master wa Clarksburg ni za kununua kwa furaha, bei yao ikiwa ndogo. Zile angavu zenye mapanga ya rangi katikati, ambazo wengi wetu tulichezea udongoni, ni za aina iliyoingia Marekani kutoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuvibana viwanda vya huko. Zipende, lakini usizilipie kama za kale.

Mwisho ni hali ya gololi. Iliyosagwa upya na kung'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani, na muuzaji hatakuambia. Ikiwa inang'aa kupita kiasi, au kovu la mkono limefutika, imeguswa. Boksi la Akro lenye picha ya kunguru arukaye ni kitu cha thamani kikiwa peke yake, ila maboksi mengi yamejazwa upya, kwa hiyo kila gololi iliyomo ipimwe kivyake. Ukinunua mtandaoni, omba picha nne: ncha zote mbili, upande, na moja ikiwa imeshikwa mbele ya taa. Akikupa picha ya upande peke yake, hajakuonyesha mkato.