Uzoefu wangu na Determine HIV-1/2: kipimo kizuri, ila hakitaki haraka

Kwa kutafuta kingamwili za VVU kwa damu ya kidole, hiki ndicho kipimo cha kitepe ninachopenda kuanza nacho. Kinanasa vizuri, majibu mabovu mengi hutoka mikononi mwetu sisi wapimaji.

Damu inayotakiwa ni maikrolita 50, kapilari (kijibomba cha kukingia damu) ijae hadi kwenye alama. Acha spiriti ikauke, toboa pembeni mwa ncha ya kidole, futa tone la kwanza, kinga linalofuata. Usikamue kidole, maji ya mwilini yataizimua damu. Dondoshea kwenye pedi, subiri dakika moja inywewe, ndipo uweke tone moja la bafa, kimiminika kinachosukuma damu kwenye kitepe. Bafa ni ya damu nzima tu. Kwa plazma au seramu (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) usiiweke. Soma kuanzia dakika ya 15, usivuke ya 60. Foleni ikiwa ndefu kuna wanaosoma dakika ya tano, na mistari hafifu hupotelea hapo.

Mstari wa Patient (wa anayepimwa) ukionekana, hata uwe umefifia kama wino unaokwisha, umeitika, yaani ni chanya. Wa Control (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) usipotokea, tupa, rudia na kitepe kipya. Ukitokea, bado hauhakikishi kwamba damu ilitosha. Na vitepe vikatwe kuanzia kulia, kwani namba ya toleo iko kushoto. (Dogo, lakini siku ya ukaguzi utaitafuta.)

Sasa usahihi. Tuseme kipimo kinamkosea mtu 1 katika kila 100 wasio na VVU. Pima watu 1,000 ambao 10 kati yao wana maambukizi: utapata chanya 20 hivi, na nusu yake si za kweli. Kwa hiyo chanya ya kitepe kimoja si jibu la kumpa mtu. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu tofauti viitike mfululizo.

Hasi nayo ina mipaka. Tangu mtu aambukizwe, kingamwili huweza kuchukua hadi siku 90 ndipo zionekane, kwa hiyo uliza lini mtu alijiweka hatarini. Uliza pia kuhusu ARV na PrEP (dawa za kujikinga na VVU), maana dawa hizo zinaweza kuufifisha mstari. Mtoto wa chini ya miezi 18 aliyezaliwa na mama mwenye VVU usimthibitishe kwa kitepe hiki: hubeba kingamwili za mamaye. Huyo chukua tone la damu kwenye karatasi maalumu, likapimwe PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe.