Dhanushkodi, kijiji kwenye ncha ya upinde

Tulikuwa Madurai, kusini mwa India, kwa matibabu ya macho ya baba. Daktari alipotupa siku nne za kusubiri, mama akabaki naye, mimi nikapanda basi hadi Rameswaram. Nililala pale, asubuhi nikakodi bajaji kwenda Dhanushkodi, kama kilomita 20.

Barabara inapita juu ya ulimi wa mchanga, bahari kulia, bahari kushoto. Upande mmoja ni Ghuba ya Bengal, upande wa pili Ghuba ya Mannar. Siku ile bahari moja ilikuwa shwari, nyingine imechafuka, na kati yao ni hatua chache tu za kutembea.

Wahindu wanaamini kwamba hapa mungu wao Rama alijenga daraja la kuvukia hadi Lanka, yaani Sri Lanka, kumkomboa mkewe Sita, akisaidiwa na jeshi la nyani. Baada ya ushindi akalivunja kwa ncha ya upinde wake. Jina la kijiji, kwa Kitamil, ndiyo maana yake: ncha ya upinde. Nilimwona mzee mmoja ameingia majini na shuka jeupe hadi kiunoni. Alichota maji kwa viganja, akayaacha yachuruzike polepole, midomo ikimcheza. Wanawe walisimama ufukweni kimya, hakuna aliyetoa simu. Mimi ni Muislamu, lakini dua naijua nikiiona. Nikarudisha simu yangu mfukoni.

Desemba 1964 kimbunga kilikipiga kijiji usiku na kusomba hata treni iliyokuwa na abiria zaidi ya 100. Serikali ikasema hapafai tena kuishi watu. Wavuvi wakarudi hata hivyo, na vibanda vyao vya makuti vipo mpaka leo kando ya magofu ya stesheni na kanisa. Kanisa lile lilijengwa kwa matumbawe. Niliweka kiganja ukutani nikahisi vile vitundu vidogo vinavyokwaruza, sawasawa na kuta za Kilwa Kisiwani nilizokuwa nikizipanda utotoni. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Dereva wangu hakupenda. Alitaka tukimbie moja kwa moja hadi Arichal Munai, barabara inapoishia, nipige picha dakika kumi, kisha anipeleke duka la makombe ya baharini. Kwa hiyo patana na dereva mapema, saa na vituo, kabla hujapanda. Arichal Munai pana watu wengi. Utulivu uko kijijini. Nenda asubuhi, beba kofia maana kivuli hakuna, na usipange kulala: jioni polisi huwaondoa wageni wote.

Kula samaki kwenye vibanda. Wanampaka masala nyekundu, wanamkaanga mbele yako. Bibi aliyenikaangia aliniona natafuta maji, akanishika mkono hadi nyuma ya kibanda. Palikuwa na kishimo mchangani, kina chake hakifiki goti, na mawimbi yanasikika karibu kabisa. Akachota kwa kata, akanipa.

Naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na dereva.

Niliporudi Madurai nilimsimulia baba yote, daraja, treni, ukuta. Amevua samaki miaka arobaini. Aliuliza jambo moja tu: yale maji ya kishimoni yalikuwa ya chumvi? Nikamwambia hapana, baba, matamu.