TAHADHARI: vodka ya nusu bei inayoletwa na pikipiki jioni

Jamani, kuna jamaa anazungukia vibanda vya mtaa wetu jioni akiuza vodka ya chupa ndogo kwa nusu ya bei ya dukani. Chupa ni halali, zimeokotwa zikajazwa upya. Kifuniko kinazunguka tu bila kukatika, na stika ya ushuru imebandikwa kwa gundi inayoonekana pembeni. Msinunue.

Mimi ni muuguzi, zamu za usiku, kasualti. Wiki hii tumepokea watatu waliokunywa meza moja. Wawili walimtaja yeye. Mmoja amepoteza macho.

Kinachowaponza watu ni muda. Methanoli, pombe ya sumu inayopatikana kwenye vodka bandia kama hizi, hulewesha kama pombe nyingine, mtu akalala na kuamka. Ini ndilo huigeuza pole pole kuwa asidi ya fomiki, ileile ya chungu majimoto, na madhara hujitokeza baada ya saa 12 hadi 24, au zaidi kama alichanganya na bia. Kwa hiyo anazidiwa kesho yake, na nyumbani wanasema ni hengova. Anapewa supu. Wengine wanamtafutia glasi ya kuzimua!

Hengova haimfanyi mtu aone ukungu mweupe. Akisema haoni vizuri au mwanga unamchoma, tumbo linamkata, anatapika, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia ilhali amelala, mleteni saa hiyohiyo. Na waliokunywa naye waje, hata wanaojiona wazima. Chupa mje nayo. Semeni kilichonywewa na saa ngapi. Yule wa tatu alishikilia kwa saa nne kwamba ni malaria kwa sababu mkewe alikuwa amesimama pale.

Tiba ipo: fomepizoli, au ikikosekana pombe safi kwa kipimo cha daktari, na mashine ya kusafisha damu. Hayo si ya kujaribia nyumbani.

Kuonja hakusaidii, wala kuwasha kiberiti kutazama rangi ya moto. Na msidhani baa ni salama: wale wa Kirinyaga waliokunywa pombe ya sumu Februari 2024, waliokufa wakafika 17, walikunywa baa, si kichakani.

Wewe mwenye kibanda uliyenunua Ijumaa, usizimwage mtaroni kimyakimya. Zipeleke kwa chifu, na useme umeshauza ngapi na kwa nani, tuwatafute leo.