Pointi za hoteli Dubai: uzoefu wangu wa kuwapangia ndugu vyumba

Ukiwa na ndugu wanaokwenda Dubai, na wewe ndiye mwenye pointi za hoteli kwenye ukoo, simu haziishi. Mmoja anafuata mzigo, mwingine anampeleka mzazi hospitali, mwingine kaoa juzi. Kila mmoja anataka "hoteli nzuri" na anaamini hoteli nzuri ni ile ile aliyoiona kwenye picha za mwenzake. Mimi hapo ndipo ninapokataa. Nimewapangia watu wa nyumbani vyumba kwa muda mrefu sasa, na utaratibu wangu haubadiliki: naanza na mtu, nafuata mtaa, naangalia msimu, kisha ndiyo nafungua akaunti kuona nina pointi ngapi na za kampuni gani.

Nieleze kwanza pointi ni nini na zinakotoka: kampuni za hoteli humwekea mwanachama pointi kila anapolala kwao, naye baadaye huzitumia kulipia chumba badala ya pesa. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Safari zangu nyingi ni za Nairobi na Dubai, na anayelipa ni ofisi. Lakini pointi huingia kwa aliyelala chumbani, mradi namba yake ya uanachama iwe kwenye buking na chumba kiwe kimechukuliwa kwa hoteli yenyewe. Ukipitia tovuti za mawakala wa mtandaoni, kwa kampuni nyingi kubwa hupati kitu. Programu za uanachama za Marriott Bonvoy na Hilton Honors hutoa pointi 10 kwa kila dola 1 kwenye hoteli zao nyingi, World of Hyatt hutoa 5. Usivutwe na ukubwa wa namba, maana pointi moja ya Hyatt kwa kawaida hununua zaidi ya moja ya Hilton. Kampuni ya Accor ndio walio wazi kuliko wote: pointi 2,000 hukatwa euro 40 kwenye bili yako, Dubai, Nairobi au Paris.

Wamarekani wanafungua kadi ya mkopo na kupewa maelfu ya pointi kwa mkupuo mmoja. Huku kwetu kadi hizo hatuna. Sisi tunazichuma chumba kwa chumba, kikao kwa kikao, ndiyo maana nazionea uchungu na sikubali zitumike ovyo.

Na njia rahisi ya kuzitumia ovyo ni kuusahau msimu. Dubai kati ya Juni na Agosti ni moto mtupu, joto linapita nyuzi 40 na hoteli zinatafuta watu. Bei ya pesa inashuka sana. Ikifika Desemba hadi Februari hali ni nyingine: Wazungu wanakimbia baridi yao, kuna tamasha la manunuzi la Dubai Shopping Festival, na kukiwa na maonyesho makubwa kama yale ya vyakula ya Gulfood, chumba cha kawaida tu kinaweza kukutoa jasho. Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Chukua bei ya pesa pamoja na kodi zote, gawanya kwa pointi wanazotaka. Tuseme chumba ni dola 120 au pointi 20,000: unapata senti 0.6 kwa pointi moja. Kwa Hilton hapo natoa pointi. Kwa Hyatt nalipa pesa, sioni sababu ya kuzichoma. Chumba hicho hicho kikishuka hadi dola 55 mwezi wa saba, natoa pesa bila kufikiri, na bado napata pointi nyingine juu yake.

Sasa tuje kwa watu wenyewe.

Dada yangu anauza abaya na mashuka Kariakoo. Safari ya kwanza nilimuuliza kama angependa hoteli ya Downtown, karibu na Burj Khalifa. Akanijibu, "Mdogo wangu, mimi siendi kuangalia maghorofa." Na kweli. Mfanyabiashara wa Kariakoo ana Dubai yake, nayo ni Deira: Naif, Murshid Bazar, Baniyas Square, soko la dhahabu. Anatoka asubuhi, anarudi saa saba mchana na mifuko, anapumzika joto lipite, anatoka tena jioni. Ukimweka Dubai Marina, mbali na masoko hayo, atatumia pesa ya teksi na saa nzima njiani, na mzigo wake utalala kwa mtu asiyemjua.

Kwake nachagua Hyatt Regency Dubai iliyoko Corniche, barabara ya pwani ya Deira. Ni jengo la siku nyingi, limesimama pale tangu 1980, na stesheni ya metro ya Gold Souq iko jirani. Anachopenda dada si bwawa wala mgahawa ule wa juu unaozunguka. Anapenda kwamba sokoni anakwenda kwa miguu. Usiku ukimkuta chumbani utadhani ni stoo ndogo: mashuka yamepangwa kwa rangi kitandani, gundi ya kufungia, mzani wa mkononi umening'inizwa kwenye mpini wa begi, naye anapunguza huku anaongeza kule mpaka kila begi lifike uzito wa ndege. Mzigo mkubwa anaukabidhi kwa mtu wa kago, kwa hiyo mimi huhakikisha mapokezi wanajua kwamba kuna mtu atakuja kuuchukua mlangoni, na huomba mapema asogezewe muda wa kutoka chumbani siku ya kuondoka. Ndege za kurudi Dar huwa hazijali kwamba hoteli inataka chumba saa sita mchana.

Kuna hoteli nyingine ya pointi Deira inayomfaa mtu wa mzigo: Sheraton Dubai Creek, kando ya hori. Kutoka upande huo unavuka kwa abra, boti ndogo ya abiria, kwenda Bur Dubai kwa dirhamu 1 tu, na kwa mtu anayefuata vitambaa kule ng'ambo hilo ni jambo kubwa.

Mama yetu mzazi ni habari tofauti kabisa, na kwake ndiko ninakotumia pointi kwa moyo mkunjufu zaidi. Alikuwa anakwenda kuonana na daktari wa magoti. Mzee anayeumwa miguu hahitaji anasa, anahitaji hatua chache. Nikatafuta hoteli iliyo karibu na Dubai Healthcare City, mtaa wenye hospitali na kliniki nyingi pamoja, na nikaipata Hyatt Regency Dubai Creek Heights, ambayo pamoja na vyumba vya kawaida ina nyumba zenye jiko. Jiko ndilo lililoamua. Mama hanywi chai ya mtu asiyemjua, na uji wake wa asubuhi anaupika mwenyewe, unga kauleta kutoka nyumbani. Alipofika alinipigia simu ya video, si kunionyesha mandhari, bali kunionyesha mshale wa kibla. "Wametuwekea," akasema, na sauti yake ilitulia. Hapo nikajua safari imekaa sawa.

Kwa wazee nina orodha ya maswali ninayoiandikia hoteli kabla sijathibitisha chochote: bafu lina beseni la kuingilia kwa kunyanyua mguu au ni la kutembea moja kwa moja? Chooni kuna mpira wa maji? Lifti iko mbali kiasi gani na chumba? Picha za tovuti hazikwambii hayo. Dubai mpira wa maji ni jambo la kawaida, lakini ukimpeleka mzazi London au Istanbul kwa pointi zile zile, swali hilo liulize.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha ni amana. Chumba cha pointi ni bure, ila hoteli nyingi zinataka kadi au pesa mkononi kama dhamana mgeni anapofika. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilimweka mama mmoja wa familia yetu kwenye kiti cha mapokezi muda mrefu baada ya safari ya usiku kucha, kwa sababu hakuwa na kadi ya mkopo na jina la mwenye akaunti halikuwa la kwake. Buking ilikuwa na jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, barua pepe ya uthibitisho ilikuwa mkononi mwake. Iliniuma sana. Mgeni wa miaka hiyo unamkalisha wima saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya karatasi? Tangu hapo mzee yeyote ninayempangia anaondoka na dirhamu taslimu kwenye bahasha, namba ya simu ya mtu aliyeko Dubai, na jibu la hoteli lililochapishwa, linalosema kiasi cha amana wanachotaka.

Bahasha hiyo hiyo ina pesa ya ushuru wa utalii, ambao wanauita Tourism Dirham. Upo tangu 2014: dirhamu 20 kwa usiku kwa hoteli ya nyota tano, 15 kwa nyota nne, na inashuka kadiri nyota zinavyopungua. Pointi haziufuti. Ukichukua nyumba ya vyumba viwili vya kulala, unalipa kwa kila chumba cha kulala.

Familia yenye watoto nawaangalia kwa jicho la chakula. Watoto watatu na wazazi wawili wakinywa chai kwenye mgahawa wa hoteli kubwa kila asubuhi, utajikuta umelala bure na umekula kwa bei ya chumba. Hampton by Hilton na Holiday Inn Express hutoa kifungua kinywa bila malipo kwa wageni wao, hata waliolala kwa pointi. Kaka yangu nilimpangia Hampton by Hilton Dubai Airport, iliyoko Al Qusais. Haiko karibu na bahari, na shemeji alinuna kidogo siku ya kwanza. Watoto walikula mpaka wakashiba, wakapanda bwawani juu ya paa, na pesa iliyobaki ndiyo iliyowapeleka kwenye michezo. Angalia tu idadi ya watu wanaoruhusiwa chumbani kabla hujabonyeza kuthibitisha. Watu watano mara nyingi ni vyumba viwili, na hapo pointi zinakatwa mara mbili.

Maharusi sibani mkono. Wakitaka kuona jiji kutoka juu, JW Marriott Marquis ya Business Bay ina minara miwili yenye urefu wa mita 355, na unaweza kuomba upande unaotazama Burj Khalifa. Siri iko kwenye idadi ya siku: Marriott ukichukua usiku tano mfululizo kwa pointi, unalipia nne. Hilton nao hutoa usiku wa tano bure, ila kwa mwanachama aliyefikia angalau daraja la Silver. Ndugu anayeniomba usiku nne namwambia aongeze mmoja.

Anayepita tu, mwenye saa chache kati ya ndege na ndege, simpi pointi. Kama anasafiri na Emirates aulizie kwanza Dubai Connect, huduma yao ya hoteli kwa wenye kusubiri muda mrefu, ingawa ina masharti. Ikishindikana, chumba cha bei nafuu karibu na uwanja kinatosha.

Wengi wananiuliza kama daraja langu litawafaa wao: chai ya bure, chumba kikubwa zaidi. Kwa kawaida halifai, kwa sababu mafao ya daraja humfuata mwanachama anayelala pale mwenyewe. Hyatt wana njia ya kumpa mgeni wako mafao hayo, na hiyo ni sababu mojawapo inayonifanya nizitunze pointi zao kwa ajili ya wazazi. Hyatt pia bado wanachapisha chati ya pointi, unajua mapema hoteli fulani itakugharimu kiasi gani hadi kiasi gani. Marriott na Hilton waliacha chati, bei yao ya pointi inapanda na kushuka pamoja na soko. Hilo silipendi. Mtu anayekusanya kwa miaka anastahili kujua anakusanyia nini.

Kwa upande mwingine Hilton wana kitu kinachoufaa ukoo kama wetu kuliko kampuni yoyote: unaweza kuchanganya pointi na watu wengine hadi 10 bila malipo. Binamu zangu wenye vipointi vidogo vidogo vya semina za Arusha na Nairobi tumeviweka pamoja, na vimeshalaza watu. Vilevile vinasalimika visife: za Hilton na Marriott hufutika akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote, za IHG (wenye Holiday Inn) miezi 12 kama huna daraja, na za Accor ukipita mwaka bila kuchuma pointi kwao.

Sasa hivi mdogo wetu wa mwisho anataka fataki za Burj Khalifa usiku wa mwaka mpya. Wakati huo hoteli za Downtown bei yake haishikiki, na baadhi hazikubali mgeni wa usiku mmoja. Nimemtafutia Deira, karibu na metro, kwa pointi za ukoo. Buking nyingi za pointi hughairika bila kukatwa kitu, kwa hiyo nimeichukua mapema na tarehe ya mwisho ya kughairi nimeiandika kwenye kalenda ya simu. Viza yake ikichelewa, pointi zinarudi, na dada ameshaniambia anazitaka kwa safari yake ya Februari.