Baiskeli ya saiklokrosi kwa sisi wafupi: achana na namba ya kwenye stika

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo tunaichambua hii baiskeli mnayoiona hapa nyuma yangu, ila kabla sijaigusa ngoja nisimame juu yake mwone wenyewe... mnaona? Miguu yote chini, bomba la juu lipo hapo, na kati yangu na bomba vidole vitatu vinapita bila shida. Mimi nina urefu wa sm 157, mguu wa ndani sm 73, na imenichukua miaka miwili kuipata baiskeli ya saiklokrosi, zile mbio za kwenye tope na nyasi ambazo kuna sehemu unashuka na kuibeba baiskeli, ambayo nikiipanda siigombezi.

Ile ya kwanza niliinunua kwa kuangalia stika tu. Imeandikwa 50, muuzaji akasema hiyo ndogo kabisa, panda utazoea. Jamani hilo neno utazoea! Sisi wafupi tumeambiwa utazoea tangu madawati ya shule. Mi sikuzoea. Shingo inauma, mabega yanawaka moto, mikono imenyooka utadhani nasukuma ukuta, breki nazishika kwa ncha za vidole. Nikajifanya fundi, stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ya mm 90 nikaitoa nikaweka ya mm 50, siti nikaisogeza mbele mpaka reli zikaisha, na hapo ndo nikaharibu kabisa, maana siti ikienda mbele uzito wote unahamia kwenye mikono, na usukani wenye stemu fupi hivyo unageuka ukiuangalia tu, sasa weka na tope hapo. Nilianguka mpaka nikachoka kuhesabu. Fremu ikiwa ndefu ni ndefu, huiponyi kwa stemu.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penye utamu. Ile namba 48, 50, 52 zamani ilikuwa urefu wa bomba la siti, na kwa fremu za sasa zenye bomba la juu lililoinama haikuambii chochote cha maana, 49 ya kampuni hii inaweza ikawa ndefu kuliko 51 ya kampuni ile. Unachotafuta kwenye chati ya vipimo ni vitu viwili, richi na staki. Richi ni umbali wa mlalo kutoka pale krenki, ile mikono ya pedeli, inapozungukia mpaka juu kabisa ya bomba la mbele linaloshika foku, yaani uma wa gurudumu la mbele, staki ni huo huo lakini kwenda juu wima. Basi. Hizo mbili hazidanganyi.

Kinachodanganya ni urefu wa bomba la juu, na hapa nilipigwa mimi mwenyewe. Angalia, fremu mbili zote bomba la juu likipimwa mlalo ni mm 510, zote staki mm 520, wewe unasema aah zinalingana. Lakini moja bomba la siti limesimama digrii 73 na nyingine digrii 75. Ile ya digrii 75 richi yake inatoka kama mm 371, ile ya 73 inatoka kama mm 351. Sentimita mbili nzima! Kila digrii moja unayosimamisha bomba la siti inakula karibu sm 1 kwenye hesabu ya bomba la juu bila kuifupisha baiskeli yenyewe. Na saizi ndogo ndo nyingi zinafanyiwa hivyo, karatasi inaonyesha fupi, ukipanda unarudisha siti nyuma ili goti likae sawa na pedeli, unajikuta umelala vile vile. Hii niliyonayo richi yake ni mm 362, ile ya kwanza ilikuwa 382, na mwili wangu uliijua tofauti dakika ya kwanza, sikuhitaji mtu anieleze.

Kidokezo kidogo, ukilinganisha richi angalia na staki, kwa sababu kila sm 1 ya spesa, zile pete unazoweka chini ya stemu kuinua usukani, inauleta usukani kwako kama mm 3. Haya tuendelee.

Kidole cha mguu na tairi. Tairi za saiklokrosi kwa mashindano ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, mwisho ni upana wa mm 33, ringi ya 700c, ile saizi kubwa ya kawaida, na hilo gurudumu ni kubwa vile vile hata fremu iwe ya mtu wa sm 190 au ya kwangu. Fremu inapungua, gurudumu halipungui, matokeo yake ukikata kona ncha ya kiatu inakutana na tairi la mbele. Kwenye lami watu wanakwambia haina noma, na kweli, ukiwa na spidi usukani huukunji sana. Lakini saiklokrosi ni kona za kugeuka nyuma kabisa, mwendo wa kutembea, kwenye nyasi zinazoteleza, huku unapiga pedeli. Hapo ndo kiatu kinagusa na unaenda chini ukiwa umeshika breki kama mtoto.

Watengenezaji wanalikwepa hilo kwa kulilaza bomba la mbele, digrii 70 au 71, gurudumu linasogea mbele. Inasaidia, ila usukani unakuwa mzito kidogo kwenye kona, mi nauvumilia. Kitu cha pili ni krenki. Kuna baiskeli ndogo zinakuja na krenki za mm 170 na mtu mwenye mguu wa sm 73 hana kazi nazo, weka 165, hata 160, unapata nafasi ya kidole na goti haliji kifuani ukiinama. Hii yangu imekuja na 170, yaani fremu wameipima vizuri kabisa alafu kwenye krenki wakachoka. Hapo nawakata maksi.

Najua kuna mtu anasema si uweke magurudumu madogo, ya 650b. Wazo zuri, ila ringi ya 650b kipenyo chake ni mm 584 na ya 700c ni mm 622, kwa hiyo ukizibadilisha tu na tairi la upana ule ule baiskeli nzima inashuka mm 19 na pedeli zinaanza kugonga mizizi. Inafaa fremu iwe imechorwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Kampuni ya Surly walifanya hivyo na baiskeli yao ya Straggler, saizi ndogo kwa 650b mpaka sm 38, na nawapongeza sana kwa hilo, ila ni chuma, nzito, sio ya kuibeba begani lisaa lizima. Na tairi za 650b nyingi ni nene, mm 40 na kitu, za tope za mm 33 utazitafuta kwa tochi. Kama hushindani kabisa unataka tu njia za vumbi na msituni, chukua 650b uwe na amani.

Kubeba begani sasa, hili watu warefu hawalifikirii kabisa. Fremu ndogo ina pembetatu ndogo, mkono kupita ni shughuli. Na huo mtego wenyewe unauma pande zote, ukitaka bomba la juu liiname ili usiumie unaposhuka haraka, pembetatu inazidi kubana, ukitaka pembetatu kubwa, bomba linapanda juu linakusubiri. Kampuni ya Canyon kwenye baiskeli yao ya Inflite walilikunja bomba la juu pale linapokutana na bomba la siti ili bega lipate nafasi, inaonekana ya ajabu ila ina akili. Hii yangu haina hicho, kwa hiyo nimetoa vishikio vya chupa vyote, na kwenye ngazi fupi naishika bomba la juu kama begi naipandisha mkononi. Kwenye vile vizuizi vya mbao, ambavyo havizidi sm 40, wala sihangaiki na bega. Kwa kilima kirefu cha tope ndo naingiza mkono, na ndio, naonekana kama nimekwama kwenye dirisha.

Ukienda kuijaribu usipime nafasi ya bomba ukiwa na viatu virefu, na usiamini namba ya nafasi hiyo kwenye chati peke yake maana kila kampuni inapimia sehemu yake. Nyumbani simama ukutani bila viatu, bana kitabu kigumu kati ya miguu kipandishe mpaka kigome, pima kutoka chini mpaka juu ya kitabu, huo ndo mguu wako wa ndani. Kwa lami watu wanazidisha kwa 0.883 kupata urefu wa siti kutoka katikati ya krenki, kwangu inakuja sm 64.5, kwenye saiklokrosi nimeshusha kidogo kwa sababu nashuka na kuruka juu kila saa.

Mikono haraka haraka, usukani wa sm 38 badala ya 42, kama mabega ni membamba hata 36. Breki za haidroliki nyingi zina skrubu ndogo ya kuisogeza breki karibu na usukani, mi nilikaa miezi bila kujua ipo. Ikaze mpaka kidole kimoja kifike bila kuhamisha kiganja.

Kwa hii baiskeli mi naipa nane kwa kumi, mbili nimezitoa kwa krenki na ile pembetatu. Krenki za 165 zipo kwenye boksi hapo chini, wiki ijayo nazifunga, na kwa kuwa ni fupi kwa mm 5, siti itabidi niipandishe hizo hizo mm 5.