Katuni ipi ununue ukitaka lugha: ushauri kutoka Mwaloni

Wateja wetu wa dagaa kutoka Kongo wanaongea Kiswahili kizuri tu, chenye ladha yao ya Goma na Bukavu. Tunasalimiana, tunataniana, tunapima magunia. Shida huanza kwenye bei. Ukishaitaja, wanageukiana na kuhamia Kifaransa, wanashauriana mbele yako na wewe umesimama kama nguzo. Mimi nimesimama hivyo hapa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, miaka kadhaa, mpaka nikasema potelea mbali, hiki Kifaransa nitakijua.

Kozi nilianza nikaacha. Kitabu cha sarufi kilifika kwenye kitenzi cha pili, kisha kikawa kifuniko cha ndoo. Kilichonivusha ni katuni. Nani wa rika langu hakusoma lile gazeti la katuni la Sani kwa kuazimana mpaka gamba likadondoka? Nikajiuliza, kama zile zilinifanya nisome Kiswahili haraka, kwa nini za Kifaransa zisifanye kazi hiyohiyo? Nimenunua nyingi tangu hapo, nyingine kwa hasara, na kwa kuwa vijana wa hapa hawaachi kuniuliza waanze na ipi, nazipanga kuanzia ya kununua kwanza. Wa Kiingereza nao wana sehemu yao, hasa mzazi ambaye mwanae anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yamegeuka Kiingereza ghafla.

Kabla hujatoa hela, kuna kipimo. Vitabu vya mtumba vimetandikwa chini, muuzaji anakuangalia, usione aibu. Fungua ukurasa wa katikati, maana wa kwanza huwa na maelezo mengi kuliko mazungumzo. Angalia picha sita bila kusoma. Kama umeelewa kila kitu, rudisha: hao wanapigana tu, maneno ni pambo. Kisha soma viputo vya maneno. Kama hata ukisaidiwa na picha huambulii chochote, rudisha pia. Unayoitaka ni ile ambayo picha inakupa nusu ya jibu, nusu nyingine inakulazimu uitafute kwenye maneno.

Namba moja: Aya de Yopougon

Imeandikwa na Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, Ivory Coast, na kuchorwa na Clément Oubrerie. Juzuu la kwanza lilitoka 2005, mwaka uliofuata likapata tuzo kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa. Hadithi iko Yopougon, mtaa wa Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya anataka kusoma awe daktari. Rafiki zake Adjoua na Bintou wanataka muziki na wavulana. Kuna mama wanaosutana, baba anayerudi amelewa, vitenge, na vibanda vya kula na kunywa ambavyo wao huviita maquis. Huhitaji mtu akueleze kinachoendelea. Ukibadilisha majina, hao ni watu wa Igoma, hapahapa Mwanza.

Sababu yangu ya kuiweka juu ni kwamba watu wake wanaongea kama watu wanavyoongea. Kitabu cha shule kitakufundisha "je ne sais pas" kwa "sijui". Mtaani ile "ne" inamezwa, unasikia "je sais pas", na kwa haraka zaidi inakuwa kama "shepa". Kitabu kinasema "nous" kwa "sisi", mtaani ni "on". Nilipokuwa nasubiri "nous" na "ne" kwenye midomo ya Wakongo, ndiyo maana sikuwa naambulia kitu. Mwishoni mwa kitabu kuna orodha ya maneno ya Kiivori yameelezwa, kwa hiyo utajua lipi ni la Abidjan na lipi ni la kila mahali.

Mwezi wa nne wa kusoma, jamaa wawili walisimama mbele ya magunia yangu. Mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Attends, il va baisser." Ngoja, atashusha. Sikushusha.

Tahadhari kwa wazazi: ni ya wakubwa na vijana waliokomaa. Kuna mimba na mambo ya usiku. Mtoto wa darasa la tano usimpe.

Namba mbili: Tintin, lakini nunua mbili

Huyu mwandishi wa habari wa Kibelgiji alianza kuchapishwa mwaka 1929, kazi ya mchoraji Hergé. Karibu kila albamu ya rangi ina kurasa 62, na ujanja wake upo hapo: tafuta albamu moja kwa Kifaransa na hiyohiyo kwa Kiingereza. Picha ni zilezile, kisanduku kwa kisanduku. Unasoma Kifaransa, ukikwama unahamisha jicho kwenye Kiingereza chako cha sekondari, unarudi. Hakuna kamusi iliyonifaa kama hii. Mbwa anaitwa Milou upande mmoja na Snowy upande wa pili, usichanganyikiwe.

Lugha yake ni ya zamani kidogo, na ina adabu. Tintin na Nahodha Haddock ni marafiki wa kufa na kuzikana, bado wanaitana "vous", ile ya heshima. Aya na shoga zake ni "tu" tu. Ukisoma vyote viwili unapata zote mbili, maana mteja mwenye umri huwezi kumvamia na "tu". Ni kama kumpita mzee bila shikamoo. Na Haddock, ambaye jina lake ni la samaki wa baharini (nilimpenda kabla sijamsoma), ana matusi yasiyo matusi, kama "mille sabords", matundu elfu ya mizinga ya meli. Usiyatumie Mwaloni, watakucheka.

Ile ya Tintin kwenda Kongo iache. Ilichorwa Ubelgiji ikitawala kule, na weusi wamechorwa kama watoto wajinga. Sitaki kujifunza kitenzi kwa bei hiyo.

Mpya ni ghali: Ulaya albamu ni zaidi ya euro 10 kabla hujafikiria usafiri. Agiza kwa anayekwenda Kigali au Bujumbura, au kama una safari ya Dar es Salaam au Arusha, kote huko kuna Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, uliza kuhusu maktaba yao.

Namba tatu, kwa Kiingereza: za picha tatu au nne

Garfield, yule paka mnene, na Peanuts ya Charles Schulz iliyochorwa kuanzia 1950 mpaka 2000. Hizi ndizo zinazopatikana kirahisi kwenye mtumba. Uzuri wake ni ufupi: kivuko cha Kamanga hakijamaliza kuvuka, umeshamaliza vichekesho kumi. Ubaya ni kwamba kichekesho kikitegemea neno lenye maana mbili, utabaki unakodoa macho. Ruka, nenda kinachofuata. Kwa kijana wa mpira, Supa Strikas ya Afrika Kusini inamshika kuliko paka yeyote, ingawa msamiati wake hautoki nje ya uwanja.

Manga

Hizi ni katuni za Kijapani. Vijana wanazipenda na sina ugomvi nazo. Jua tu kwamba hata zilizotafsiriwa kwa Kiingereza nyingi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia unapodhani ni nyuma. Mpwa wangu alirudisha yake kwa muuzaji akidai imebandikwa gamba kichwa chini miguu juu, wakabishana nusu saa na wote wawili hawakujua. Epuka za mapigano: kurasa tano za makelele na majina ya mapigo. Chukua za shuleni na nyumbani.

Asterix: ngoja kwanza

Hii ni ya kijiji cha zamani kinachopambana na Warumi, na Wafaransa watakuambia ndiyo bora kuliko zote. Kwao, ndiyo. Utamu wake uko kwenye kuchezea maneno. Mwimbaji wa kijiji anaitwa Assurancetourix. Ukilitamka polepole unasikia "assurance tous risques", yaani bima kubwa ya gari. Niliipata hiyo baada ya mwaka mzima, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Anayeanza atalipia kitabu na kicheko kimpite.

Mashujaa wanaoruka

Wa mwisho. Kelele nyingi, mazungumzo machache, na herufi zote kubwa. Mwanafunzi akikuta "WILL" hajui kama ni jina la mtu au wakati ujao.

Usinunue nakala ya fotokopi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia albamu ya rangi iliyotolewa kopi nyeusi na nyeupe. Anga la buluu likawa tope, na viputo vikazama ndani yake. Kama hela haipo, afadhali programu ya Webtoon kwenye simu, ambayo ina Kiingereza na Kifaransa, na picha zinashuka kwa kidole kimoja bila kukuza. Nyingi ni bure, gharama ni bando.

Mwisho, kivishe kitabu chako gamba la nailoni kama mikono yako ni ya dagaa. Na ukikuta Aya juzuu la pili lenye nailoni ya bluu, linanuka kidogo, ni langu. Nililisahau kwenye kivuko nikikimbilia pikipiki upande wa Sengerema.