Rangi ya maji ya ukutani: tazama chini ya ndoo kabla ya kulipa

Wasomaji wengi wananiletea lalamiko lile lile: palipopita brashi pembeni pamekoza, palipopita rola pamepauka, ukuta mzima mabaka. Fundi analaumiwa, na mara nyingi hana kosa. Rangi ndiyo iliyoharibika.

Mng'ao na kuoshwa utavisoma kwenye ndoo. Mimi nataka utazame chembe. Rangi ya maji ni unga uliosagwa laini sana, unaoelea kwa sababu umetiwa dawa inayofanya chembe zisukumane. Ule unga mweupe, titani dioksaidi, ni mzito kama mara 4 ya maji. Dawa ikishindwa, chembe hushikana na kuzama. Jua kali huidhoofisha, tindikali pia, lakini sisi wa Mombasa adui yetu ni chumvi. Fundi anazimua rangi kwa maji ya kisima, na chumvi ile inaua msukumano. Mpe maji matamu, hata kama ni ya kununua.

Dukani, chovya kijiti hadi chini. Tope laini linalokorogeka halina neno. Likiwa gumu la kukwanguliwa, ondoka. Kisha paka kidogo kwenye kadi nyeupe, ngoja ianze kushika, sugua kwa kidole. Uliposugua pakibadilika rangi, chembe zimeshashikana.

Chaguo langu la kwanza ni rangi ya kampuni ya Crown, ichanganywe kwa mashine mbele ya macho yako. Naipendelea na sifichi. Ukitaka rangi iliyokoza, dai besi yake, yaani rangi ya msingi iliyotengenezwa kupokea rangi nyingi ya kukoza. Usikubali nyeupe ishindiliwe rangi kupita kiasi. Ya pili, Sadolin au Duracoat, kwa masharti hayo hayo. Ya tatu, rangi iliyotoka kiwandani ikiwa tayari. Nyeupe ya bei rahisi na vichupa vya rangi ya kukoza anavyotia fundi mwenyewe ni vya kupakia stoo tu, maana dawa za kampuni mbili huenda zisipatane.

Kinachoniudhi ni wauza hadiwea. Ndoo zimepangwa nje, jua la saa saba linazipiga, kibandiko cha bei kimefunika tarehe ya kutengenezwa, na bei haipungui hata shilingi. Ukiomba kifuniko kifunguliwe, unanuniwa. Shikilia kifunguliwe! Ikinuka yai viza, bakteria wameshaingia: irudishe hapo hapo, maana ikishatiwa maji hakuna duka litakaloipokea.